Vihatarishi vya uzazi katika maambukizi ya HPV ya shingo ya kizazi

Kihatarishi, katika elimu ya afya, ni hali au mwenendo unaoongeza uwezekano wa mtu kupata ugonjwa fulani, ingawa si chanzo chenyewe cha ugonjwa huo. Tunapotaja vihatarishi vya uzazi vya maambukizi ya HPV (kirusi cha papiloma cha binadamu) katika shingo ya kizazi, ambayo wengine huiita mlango wa kizazi, tunakusudia mambo yanayohusu maisha ya uzazi ya mwanamke: umri alioanza kujamiiana, mimba alizobeba na watoto aliojifungua, njia za uzazi wa mpango alizotumia, hali ya uke wake, magonjwa ya zinaa aliyowahi kuugua, na mabadiliko yanayokuja hedhi inapokoma. Chanzo chenyewe cha saratani ya shingo ya kizazi ni kirusi hiki. Ziko zaidi ya aina 200 za HPV, na kati ya hizo kundi dogo lisilofika 20 ndilo linaloweza kuleta saratani. Aina mbili, yaani 16 na 18, zinahusika na takriban asilimia 70 ya saratani zote za shingo ya kizazi duniani. Uhusiano huu wa kirusi na saratani ndio uliompatia mwanasayansi wa Ujerumani, Harald zur Hausen, Tuzo ya Nobel mwaka 2008.

Kosa linalofanywa mara nyingi, hata na waelimishaji wenye nia njema, ni kuvihesabu vihatarishi vyote kuwa vya aina moja. Njia ya kutoka kwenye kirusi hadi kwenye saratani ina hatua tatu. Ya kwanza ni kuambukizwa. Ya pili ni kirusi kung'ang'ania mwilini badala ya kuondoka, kwa maana maambukizi mengi, takriban tisa katika kila kumi, humalizwa na kinga ya mwili ndani ya miaka miwili bila dalili yoyote na bila dawa. Ya tatu ni seli zilizobaki na kirusi kuanza kubadilika, jambo ambalo kwa mwanamke mwenye kinga imara huchukua miaka 15 hadi 20 kufikia saratani. Kihatarishi kinachofanya kazi katika hatua ya kwanza si lazima kifanye kazi katika hatua ya tatu, na asiyetenganisha hatua hizi atawatisha wanawake mahali pasipo na tishio na kuwaacha bila onyo mahali wanapolihitaji.

Umri wa kuanza kujamiiana ni kihatarishi cha hatua ya kwanza, na sababu yake iko katika maumbile ya shingo ya kizazi yenyewe. Sehemu ya nje ya shingo hiyo imefunikwa na seli bapa zilizopangwa tabaka juu ya tabaka, ilhali mfereji wa ndani umefunikwa na tabaka moja tu la seli ndefu zinazotoa ute. Kwa msichana aliyevunja ungo karibuni, tabaka hilo jembamba huwa limejitokeza hadi upande wa nje, kisha taratibu, kwa athari ya asidi ya uke, hugeuka kuwa tabaka nene. Ni kama ukuta ambao upande mmoja umeshapigwa lipu na upande wa pili bado ni tofali tupu. Eneo la mpito baina ya seli za aina hizi mbili ndiko saratani nyingi za shingo ya kizazi huanzia. Kirusi hupenya kupitia mikwaruzo midogo isiyoonekana kwa macho ili kuzifikia seli changa za chini, na katika eneo hilo la mpito seli hizo haziko mbali. Hii ndiyo sababu ya kibiolojia ya kutoa chanjo kabla msichana hajaanza kujamiiana: chanjo huzuia kirusi kuingia, lakini haimtoi kirusi aliyekwishaingia. Rwanda ilianza kuitoa kitaifa mwaka 2011, Uganda 2015, Tanzania 2018, na Kenya 2019. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilikubali kwamba dozi moja inatosha kwa wasichana wa miaka 9 hadi 20, na utafiti uliofanyika Kenya na Tanzania ni miongoni mwa ushahidi uliowezesha uamuzi huo.

Idadi ya wenzi wa ngono nayo huongeza uwezekano wa kuambukizwa. Hapa inabidi kusema wazi jambo linalosemwa kwa kunong'ona: historia ya mume ina uzito sawa na historia ya mke. Mwanamke aliyeolewa akiwa bikira na asiyewahi kumjua mwanamume mwingine anaweza kukutwa na HPV, kwa sababu kirusi hiki hakimuulizi mtu tabia zake. Kinatosheka na mgusano wa ngozi za sehemu za siri. Kwa kuwa kinaweza kukaa kimya kwa miaka mingi, majibu ya kipimo cha leo hayawezi kumwambia mtu yeyote nani alimwambukiza nani, wala lini. Kuyatumia majibu hayo kama ushahidi wa usaliti ndani ya ndoa ni dhuluma, na huwafanya wanawake wengine wakwepe kupima. Kondomu hupunguza hatari lakini haiiondoi yote, maana haifuniki ngozi yote inayogusana. Tohara ya wanaume nayo husaidia: katika utafiti wa Rakai, Uganda, uliochapishwa mwaka 2011, wanawake ambao waume zao walitahiriwa walikutwa na aina hatarishi za HPV kwa asilimia 28 hivi baada ya miaka miwili, na wale ambao waume zao walikuwa bado hawajatahiriwa kwa asilimia 39 hivi.

Tukija kwenye mimba na uzazi, tunahamia hatua nyingine. Ushahidi kwamba kuzaa watoto wengi humfanya mwanamke apate kirusi kwa urahisi zaidi haukubaliani katika tafiti mbalimbali. Ulio imara ni ushahidi kwamba, miongoni mwa wanawake ambao tayari wana HPV, waliozaa mara nyingi wako katika hatari kubwa zaidi ya saratani. Uchambuzi wa pamoja wa tafiti za nchi kadhaa uliotolewa mwaka 2002 uliona kwamba waliobeba mimba saba au zaidi hadi kujifungua walikuwa na hatari karibu mara nne ikilinganishwa na wasiowahi kuzaa. Wataalamu wanataja sababu zaidi ya moja: homoni za mimba huliacha eneo la mpito likiwa wazi upande wa nje kwa muda mrefu, kinga ya mwili hurekebika ili kuihifadhi mimba, na kujifungua huacha majeraha yanayohitaji seli kuzaliana upya. Hakuna lolote katika hayo linalomfanya mama wa watoto saba kuwa na kosa. Linalomhusu ni kwamba kila hudhurio la kliniki ya mama na mtoto lilikuwa nafasi ya kuelezwa juu ya uchunguzi wa shingo ya kizazi, na mara nyingi nafasi hiyo hupita bila kutumika.

Vidonge vya uzazi wa mpango vinastahili maneno mengi zaidi, kwa sababu ndivyo vinavyozungukwa na hofu nyingi zaidi. Uchambuzi wa mwaka 2007 uliokusanya tafiti 24 ulionyesha kwamba wanawake wanaoendelea kutumia vidonge vyenye homoni mbili kwa miaka mitano au zaidi wana hatari ya saratani ya shingo ya kizazi karibu mara mbili ya wasiowahi kuvitumia, kwamba hatari hiyo hushuka mwanamke anapoacha, na kwamba baada ya miaka kumi hulingana na ya asiyewahi kuvimeza. Vidonge havileti kirusi. Vinachofanya, kwa kadiri inavyoeleweka, ni kuathiri mwenendo wa seli ambazo kirusi kimekwisha kuzishika. Mwanamke anayeacha vidonge kwa hofu hii, kisha akapata mimba asiyoitarajia mahali ambapo huduma ya kujifungua ni duni, amebadilisha hatari ndogo inayoweza kufuatiliwa kwa hatari kubwa iliyo karibu zaidi. Shirika la Afya Duniani halipendekezi kuacha vidonge kwa sababu hii. Kwa upande wa kitanzi, tafiti zilizounganishwa zimeona kwamba waliokitumia walikuwa na saratani hii kwa kiwango cha chini kuliko wengine, jambo linaloelekea kinyume kabisa na uvumi wa mitaani.

Uke wenye afya huhifadhi bakteria wanaotengeneza asidi, na asidi hiyo ni sehemu ya ulinzi wake. Bakteria hao wanapopungua na wengine kutawala, hali inayojulikana kwa majimaji yenye harufu ya shombo, maambukizi ya HPV huonekana kwa wingi zaidi na kuchelewa kuondoka. Kuosha uke kwa ndani kwa sabuni au dawa huvuruga mpangilio huo, na kwa hiyo desturi inayofanywa kwa nia ya usafi hudhoofisha kinga ya asili. Klamidia, ugonjwa wa zinaa unaoletwa na bakteria, nayo imehusishwa na HPV inayong'ang'ania.

VVU ndivyo vinavyozidi vyote kwa uzito. Mwanamke anayeishi na VVU ana uwezekano mara sita zaidi wa kupata saratani ya shingo ya kizazi, na asipotumia dawa safari ya miaka 15 hadi 20 inaweza kufupika hadi miaka mitano au kumi. Kwa sababu hiyo inashauriwa aanze uchunguzi akiwa na miaka 25 na kurudia kila baada ya miaka mitatu hadi mitano kwa kipimo cha vinasaba vya HPV, ilhali wanawake wengine huanza wakiwa na miaka 30 na kurudia kila baada ya miaka mitano hadi kumi.

Hedhi inapokoma, wanawake wengi huamini kwamba mambo ya kizazi yamekwisha. Katika baadhi ya jamii, kiwango cha HPV hupanda tena katika umri huu, ama kwa kirusi cha zamani kuamka kinga inapopungua, ama kwa maambukizi mapya. Zaidi ya hayo, eneo la mpito hurudi ndani ya mfereji, ambako muuguzi anayechunguza kwa kupaka siki kwenye shingo ya kizazi na kutazama kwa macho hawezi kuliona lote. Kwa mama wa umri huo kipimo cha vinasaba vya HPV kinafaa zaidi, na sampuli yake anaweza kuichukua mwenyewe kwa kijiti chenye pamba, faraghani, bila kupanda kitandani kwa ajili ya kuchunguzwa. Kikionyesha kirusi, ndipo atakapohitaji mtaalamu wa kumtazama kwa karibu na, ikilazimu, kumtibu kwa kugandisha au kuchoma seli zilizobadilika kabla hazijawa saratani.