Je, wajua kwa nini kiwanda cha filamu za picha hakiwezi kupunguza mwendo?

Mtu wa Lubumbashi analijua tanuru. Bomba la moshi la kampuni ya madini ya Gécamines na ule mlima mweusi wa makapi ya shaba pembeni yake vimekuwa alama ya mji, na hata mtoto wa Katuba anaelewa kwamba tanuru la kuyeyushia mawe haliwashwi kwa ajili ya karai moja. Ama lijazwe, ama lizimwe. Shika picha hiyo akilini, maana ndiyo jibu fupi la swali wanaloliuliza vijana waliorithi kamera za wazee: kama watu bado wanaitaka filamu, na bei inazidi kupanda, kwa nini viwanda visitengeneze kidogo kidogo tu?

Filamu tunayoisema hapa ni ule mkanda wa kutia ndani ya kamera, ambao wazee wetu huuita pelikili kwa kufuata Kifaransa, si ile ya kutazama.

Mkanda wa milimita 35 wenye picha 36 una urefu wa karibu mita 1.6. Chini kuna plastiki yenye unene wa kama milimita 0.12, na juu yake utando wa jelatini uliojaa fuwele ndogo mno za chumvi ya fedha. Fedha hapa ni madini, si noti, nayo katika mkanda mzima haifiki nusu gramu. Filamu ya rangi haina utando mmoja. Ina matabaka zaidi ya kumi: juu yanakaa yanayohisi mwanga wa buluu, chini yake chujio la njano, kisha yanayohisi kijani, kisha yanayohisi nyekundu. Kila rangi kwa kawaida ina matabaka mawili au matatu, moja likiwa na fuwele kubwa za kudaka mwanga hafifu na jingine fuwele ndogo za mwanga mkali. Yote hayo yakishakauka ni membamba kuliko unywele wa kichwa.

Kazi huanza kwenye sufuria kubwa, gizani. Nitrati ya fedha na bromidi ya potasiamu, pamoja na iyodidi kidogo, humiminwa kwa mirija ndani ya jelatini ya moto, na fuwele huanza kuota. Mrija mmoja ukimimina haraka kuliko mwenzake, au joto likipanda nyuzi chache, fuwele hutoka kwa ukubwa usiotakiwa, na filamu iliyokusudiwa kuwa ISO 400 (ISO ni kipimo cha wepesi wa filamu kuhisi mwanga) si ISO 400 tena. Baadaye chumvi zilizobaki huoshwa, kisha huongezwa salfa na dhahabu kwa vipimo vidogo mno ili kuamsha wepesi wa kuhisi mwanga. Mwisho hutiwa rangi maalumu, kwa sababu fuwele hizo peke yake huona buluu na zambarau tu. Bila rangi hizo, shati jekundu la mtu lingetoka jeusi tii.

Jelatini yenyewe hutoka kwenye mifupa na ngozi za ng'ombe, na hapo pana kisa. Mwanzoni mwa karne iliyopita, Kodak ya Marekani iliona jelatini ya shehena fulani inatoa filamu kali na ya shehena nyingine filamu iliyolala, bila sababu ya kuonekana. Mwaka 1925 mkemia wao Samuel Sheppard aligundua kwamba siri ni mabaki madogo ya salfa yanayotokana na mimea ya jamii ya haradali waliyokula ng'ombe. Malisho ya mnyama yalikuwa yanaamua ubora wa picha ya arusi ya watu. Tangu hapo jelatini ilisafishwa kabisa, na salfa ikaanza kutiwa kwa kipimo.

Sasa tufike kwenye mashine inayoleta shida zote: ya kupaka. Plastiki hupita chini ya kifaa chenye nyufa nyembamba, na kila ufa hutoa tabaka lake. Matabaka huteremka yakiwa yamelaliana bila kuchanganyika, yakaipaka plastiki kwa pamoja. Mara moja mkanda huingia kwenye baridi ili jelatini igande, kisha hupita mbali sana kwenye hewa safi yenye joto linalopanda taratibu. Ukikausha haraka, utando unajikunja au kupasuka. Ukichelewa, unatiririka. Kiputo kimoja cha hewa kwenye ufa huchora mstari kwa mamia ya mita, na chembe ya vumbi huacha tundu. Hewa ikikauka kupita kiasi, umeme tuli huruka na kuacha alama zenye matawi kama radi. Na yote haya hufanyika gizani, kwa hiyo kosa huliona baadaye, wakati fedha imeshakwenda.

Hebu tupige hesabu. Chukua rolo la upana wa mita 1.3 na urefu wa mita 1,000. Ukikata kingo ukalipasua kwa milimita 35, unapata mikanda 36. Kila mmoja ukiukata vipande vya mita 1.65, pamoja na ulimi wa kuingizia kwenye kamera, unapata vipande 606. Zidisha: zaidi ya filamu 21,800 kutoka rolo moja, nalo hilo kwa mashine kubwa ni kazi ya dakika, si ya siku. Mashine hizo hupaka mamia ya mita kwa dakika, na mita za kwanza hutupwa mpaka mimiminiko yote itulie. Ukitaka filamu 2,000 tu, utatupa karibu kama utakavyouza. Huwezi pia kuiendesha polepole upendavyo, kwa sababu unene wa matabaka, ugandaji na ukaukaji vyote vimepimwa kwa mwendo ule ule. Kupaka rolo kumi na kuziweka ghalani nako kuna mwisho: filamu ya rangi huzeeka hata ikiwa ndani ya kopo lake.

Wakati wa wingi, hilo halikuwa tatizo. Mteja mkubwa hakuwa mpiga picha wa mtaa wala familia yenye ubatizo, alikuwa sinema. Filamu ya sinema ya milimita 35 hula mita 27 hivi kwa kila dakika, yaani dakika moja ya sinema ni sawa na filamu 17 za kamera yako. Nakala moja ya sinema ya saa mbili ina zaidi ya kilomita tatu, na kila ukumbi ulihitaji nakala yake. Kumbi zilipogeukia projekta za dijitali, mto huo ulikauka ndani ya miaka michache. Fujifilm ya Japani iliacha kutengeneza filamu za sinema mwaka 2013. Kodak, ambayo mhandisi wake Steven Sasson ndiye aliyeunda kamera ya dijitali mwaka 1975, iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai Januari 2012. Tayari mwaka 2007 ilikuwa imelipua kwa baruti baadhi ya majengo yake makubwa huko Rochester. Wanaosema Kodak iliangushwa na usingizi wanasema nusu ya ukweli. Hata aliye macho hawezi kugeuza kiwanda cha kilomita kiwe kiwanda cha mita.

Ndiyo maana waliobaki hai mara nyingi ni wenye mashine ndogo. Huko Ferrania, Italia, kikundi kidogo kilichukua jengo la maabara ya utafiti ya kiwanda kilichokufa, kwa kuwa mashine ya majaribio pale ilikuwa na ukubwa unaolingana na soko la leo. Walichangisha pesa mwaka 2014 wakiahidi filamu ya rangi. Kilichotoka, mwaka 2017, ni filamu ya nyeusi na nyeupe, P30. Adox ya Ujerumani nayo inategemea mashine ndogo zilizookolewa kwenye viwanda vikubwa vilivyofungwa. Foma ya Czech na Harman ya Mobberley, Uingereza, inayotengeneza filamu za Ilford, hazikuwahi kuwa na ukubwa wa Kodak, na huenda udogo huo ndio uliowaponya. Harman walithubutu hata kutoa filamu yao ya kwanza ya rangi, Phoenix, Desemba 2023. Ilikuwa na chembe kubwa, na taa zilizungukwa na duara jekundu, lakini ni ushahidi kwamba ujuzi huu bado unaweza kujengwa upya.

Mashine peke yake haitoshi. Polaroid ilipoacha filamu za papo kwa papo mwaka 2008, watu wachache waliokoa mitambo ya Enschede, Uholanzi, isiende kwa wauza vyuma chakavu. Mitambo ilikuwepo, kemikali hazikuwepo: waliokuwa wakizitengeneza walikuwa wamefunga. Ikabidi filamu ibuniwe upya, na zile za kwanza za mwaka 2010 zilipaswa kufunikwa zisione mwanga mara tu zinapotoka kwenye kamera. Kodak iliporudisha Ektachrome, filamu yake ya slaidi, mwaka 2018, miaka kama sita tangu iifute, nayo ilikuta baadhi ya viambato havina muuzaji tena. Kiambato kimoja kikikosekana, matabaka yote hupangwa upya.

Kuhusu usafi unaotakiwa, Katanga ina sehemu yake katika kisa maarufu. Baada ya bomu la kwanza la atomiki kujaribiwa New Mexico tarehe 16 Julai 1945, filamu za eksirei za Kodak zilianza kutoka na madoa. Mwanafizikia wao Julian Webb alifuatilia mpaka kwenye makaratasi magumu ya kufungia, yaliyotengenezwa Indiana, zaidi ya kilomita 1,500 kutoka jangwani: vumbi la bomu, lenye mionzi, lilikuwa limeingia kwenye maji ya mto yaliyotumiwa kiwandani. Na sehemu kubwa ya urani ya mradi wa kuunda bomu hilo ilichimbwa Shinkolobwe, karibu na Likasi.

Ujuzi wenyewe haukufa wote, umehama nyumba. Plastiki ya selulosi triasetati iliyobeba filamu kwa miongo mingi sasa hutengenezwa na Fujifilm kwa ajili ya skrini za LCD. Nafasi ni kubwa kwamba televisheni ya sebuleni kwako ina ndugu wa pelikili ndani yake.

Kwa aliye na kamera hapa Lubumbashi, tofauti ni hii: dawa ya kusafishia picha unaweza kuipika nyumbani, filamu huwezi. Kwa filamu ya nyeusi na nyeupe ya ISO 100 au chini yake, changanya katika lita moja ya maji gramu 54 za sodiamu kaboneti kavu, gramu 16 za vitamini C ya unga, na mwisho gramu 40 za kahawa ya unga inayoyeyuka, kisha safisha dakika 15 kwa nyuzi 20. Tumia ile ya bei rahisi, ambayo kwa kawaida ina robusta, na arabika nzuri ya Kivu ibaki ya kunywa. Bikaboneti ya mikate si kitu kile kile, na vidonge vya vitamini vinavyotoa povu vina asidi inayokula kaboneti. Dawa ya kukazia, sodiamu thiosulfati, lazima inunuliwe.

Filamu yenyewe itunze kwenye friji, ndani ya mfuko uliofungwa, na ikitoka iache ipate joto la chumba kwa saa nzima kabla ya kuifungua. Ukiifungua ikiwa baridi wakati wa mvua, unyevu utaganda kwenye utando. Wakati wa kiangazi, hewa inapokuwa kavu, irudishe taratibu kwenye kopo, maana ile radi ya kiwandani inaweza kupiga pia ndani ya kamera yako. Filamu iliyopita muda iongezee mwanga stopu moja (yaani mwanga mara mbili) kwa kila miaka kumi, isipokuwa ya slaidi. Na ukisafiri kwa ndege, ibebe mkononi na uombe ikaguliwe kwa mkono, kwani mashine mpya za eksirei za CT za viwanja vikubwa vya nje zinaweza kuiunguza hata ikipita mara moja tu.