Mabaka ya machungwa ukutani si kutu: mwani wa nchi kavu na yale unayosingiziwa

Dhana: Mabaka ya rangi ya machungwa ukutani ni kutu ya nondo.

Kwenye kuta za pwani na vigogo vya minazi, mara nyingi mabaka hayo ni mwani uitwao Trentepohlia. Kwa ukoo ni mwani wa kijani, ila seli zake hujaa matone ya mafuta yenye karotini (rangi ya machungwa kama ya karoti), ambayo hufunika kijani na kuukinga na jua kali. Kivulini huonekana wa kijani zaidi. Kwaruza kwa ukucha: kutu huanzia kwenye ufa au msumari, huteremka kwa michirizi na huwa imezama ndani ya plasta. Mwani huu ni laini kama mahameli na hubanduka nyuzinyuzi. Spora zake, yaani chembe za uzazi, husafiri hewani. Mvua nyekundu iliyozua hofu Kerala, India, mwaka 2001, ilipochunguzwa ilikutwa imejaa spora za Trentepohlia.

Dhana: Mwani hauishi bila kuzama majini.

Umande, ukungu wa asubuhi, hata unyevu wa hewani huutosha mwani wa aina kadhaa. Ukikauka husimamisha shughuli na kungoja. Nostoc commune, ambao kisayansi ni bakteria wanaojitengenezea chakula kwa mwanga, ukiwa mkavu ni magamba meusi yaliyojikunja juu ya udongo uliogandamana. Mvua ikinyesha huvimba ukawa utelezi wa kijani kizito. Pia hunasa naitrojeni ya hewani na kurutubisha udongo. Ukikusumbua uani, usimwage chumvi, utaua nyasi na kuharibu udongo. Tifua ardhi na fungulia maji njia ya kutoka.

Dhana: Mwani kwenye gome unaua mti.

Hauna mizizi wala haunyonyi utomvu. Mti ukidhoofika majani hupukutika, mwanga hufika kwenye gome na mwani huongezeka. Watu huona matokeo wakayaita chanzo.

Yupo mharibifu wa kweli, lakini makazi yake hasa ni majani: Cephaleuros, jamaa wa Trentepohlia, anayeota chini ya utando wa nta wa majani ya mwembe, mpera, mkahawa na chai. Tazama madoa ya duara, yaliyoinuka kidogo, yenye rangi ya kutu, upande wa juu wa jani. Kutu halisi ya mkahawa, ambayo ni kuvu, huacha unga wa machungwa upande wa chini. Spora za Cephaleuros huogelea kwenye tabaka jembamba la maji juu ya jani, kwa hiyo jani linalokauka haraka haliambukizwi kirahisi. Pogoa matawi ya ndani, palilia chini, okota majani yenye madoa. Kwenye chai huweza kushambulia hata matawi, hasa shamba linalotuamisha maji au lenye upungufu wa potasiamu. Ukizidi, dawa ya kopa, yaani shaba (kopa oksikloridi, kwa kawaida gramu 50 kwa lita 20 za maji, lakini lebo ndiyo mwamuzi) husaidia. Kupuliza bila kupogoa ni kutupa pesa.

Dhana: Paka rangi mpya, utaisha.

Rangi hushika juu ya mwani, si juu ya ukuta, kisha hubambuka pamoja nao. Tafuta kwanza maji yanakotoka: mfereji wa paa uliotoboka, bomba linalovuja, udongo uliorundikwa ukagusa plasta. Halafu changanya jiki sehemu 1 kwa maji sehemu 3, paka ukuta ukiwa kivulini, acha dakika 15 bila kukauka, sugua kwa brashi ya plastiki, suuza. Lowesha mimea iliyo chini kabla ya kuanza. Kamwe usichanganye jiki na asidi ya kusafishia choo. Hutoa gesi ya klorini. Subiri ukuta ukauke hadi ndani, siku kadhaa za jua, ndipo upake rangi.

Kwenye nyumba za mawe ya matumbawe na chokaa, kama za Mji Mkongwe Zanzibar, weka kando mashine ya maji ya presha, maana hung'oa chokaa. Plasta ya saruji nayo hufungia unyevu ndani, na mwani hurudi palepale.