Mafuta ya kupikia, ini na mishipa ya damu

Gramu 1 ya mafuta ina kilokalori 9, wakati ya wanga au protini ina 4. Kijiko kimoja cha chakula, gramu 14 hivi, hubeba karibu kilokalori 120, yawe mafuta ya alizeti, ya mawese au ya nazi. Tofauti yao huonekana yanapofika kwenye ini na mishipa.

Baada ya mlo wenye mafuta mengi, mafuta ya damu yaitwayo trigliseridi hupanda, yakafika kilele saa 3 hadi 4 baadaye. Katika saa hizo ukuta wa ndani wa ateri huweza kupungukiwa na nitriki oksaidi, gesi inayoulegeza mshipa upanuke. Mlo mmoja hupita. Chipsi mayai mchana na nyama ya kukaanga usiku, kila siku, ni jambo jingine.

Mafuta yaliyoshiba, yaani aina inayoganda kwa urahisi, ndiyo yanayotutia wasiwasi zaidi: ni karibu nusu ya mawese na zaidi ya asilimia 80 ya mafuta ya nazi. Hupunguza vipokezi ambavyo ini hutumia kuondoa lehemu (kolesteroli) aina ya LDL, ile iitwayo mbaya, nayo ikabaki kwenye damu, ikapenya ukuta wa ateri na kuharibika humo. Seli za kinga huimeza hadi zikajaa mafuta, na utando ukajijenga miaka mingi bila maumivu yoyote. Ukipasuka, damu huganda juu yake: moyoni ni mshtuko wa moyo, kwenye ubongo ni kiharusi. Nishati isiyotumika nayo hurundikana tumboni, kwenye ini na misuli, ikaizuia insulini, homoni inayoingiza sukari kwenye seli, kufanya kazi, na sukari ikapanda.

Shirika la Afya Duniani linashauri mafuta yaliyoshiba yasizidi asilimia 10 ya nishati ya siku. Kwa mtu wa kilokalori 2,000 ni gramu 22. Kijiko kimoja cha mafuta ya nazi kinamaliza nusu yake. Basi pima kwa kijiko, usimimine kutoka kwenye dumu. Mchuzi wa watu 4 unatosha vijiko 2 vya alizeti. Wa nazi, punguza kasimile, tumia tui la pili.

Ila usiache mafuta ukayafidia kwa mkate mweupe na chai ya sukari nyingi, maana trigliseridi zitapanda vilevile. Weka dagaa wasiokaangwa, karanga, maharage, parachichi.

Kipimo cha damu ndicho kitakachokuonyesha ulipo. Kwa mtu mzima asiye na ugonjwa, LDL chini ya 3 mmol/L inaridhisha. Mwenye kisukari au aliyewahi kupata kiharusi hupangiwa na daktari kiwango cha chini zaidi.