Kabla ya kubishania njia nne, uliza daladala zitasimama wapi

Desemba 2015 Rais Magufuli alifuta sherehe za Uhuru na kuelekeza shilingi bilioni 4 zilizotengwa kwa sherehe hizo ziende kupanua kipande cha Morocco hadi Mwenge, kilomita 4.3 za Barabara ya Bagamoyo. Dar es Salaam nzima ilielewa kwa nini. Foleni inakula saa za watu, inakula mafuta, inamfikisha mtoto shuleni akiwa amechoka kabla ya kipindi cha kwanza.

Mimi kazi yangu ni kusanifu barabara, na kuna jambo linaniuma kila mradi wa namna hii unapofika mtaani. Wakazi wanagawanyika: hawa wanataka njia nne, wale hawataki nyumba zivunjwe. Wote wanabishania idadi ya njia, na mchoro wa mradi uliobandikwa ukutani hakuna anayeusogelea. Barabara haikwami kwa uchache wa njia peke yake. Inakwama kwenye makutano, kwenye vituo na kwenye mitaro, na vyote hivyo vimechorwa pale.

Anza na makutano. Kwenye mstari wa taa, njia moja ingepitisha magari yapatayo 1,800 kwa saa kama kijani kingewaka muda wote. Mzunguko wa taa ukiwa sekunde 120 na upande wenu ukapewa sekunde 40, njia hiyo inapitisha 600. Sasa panua barabara iliyoko nyuma yake, makutano uyaache yalivyo. Magari yaliyokuwa yamepanga mstari mmoja wa kilomita mbili yatapanga mistari miwili ya kilomita moja. Kwa macho foleni imepungua, lakini uliye mkiani utasubiri dakika zilezile, kwa sababu mlango wa kutokea ni uleule. Ndiyo maana fedha nyingi zilikwenda kwenye makutano yenyewe: daraja la juu la Mfugale pale Tazara, 2018, na la Kijazi pale Ubungo, 2021.

Si kila makutano yanahitaji daraja. Mengi yanahitaji njia ya kukatia kulia yenye urefu wa kutosha. Hesabu yake ni rahisi: magari 240 kwa saa yanayokata kulia, mizunguko 30 kwa saa, ni magari manane kwa mzunguko. Hayaji kwa usawa, kwa hiyo zidisha kwa moja na nusu, upate 12. Kila gari lililosimama hula mita saba pamoja na nafasi ya mbele yake. Jumla ni mita 84. Mchoro ukionyesha mita 40, gari la saba litasimama kwenye njia ya wanaokwenda moja kwa moja, na njia mliyolipiwa itakuwa maegesho kila asubuhi.

Kituo cha daladala ndipo ninapowaomba wakazi mkae muda mrefu zaidi. Chukua kituo kinachopokea daladala 120 kwa saa, kila moja ikisimama sekunde 90 kushusha na kupakia. Wastani wa zinazokuwepo kwa wakati mmoja ni tatu. Lakini zinakuja kwa makundi, kwa hiyo nafasi sita ndizo zinazotosha. Coaster ina urefu wa mita saba hivi, na ili itoke bila kusubiri ya mbele yake inahitaji mita tano zaidi, yaani 12 kwa kila nafasi. Hapo ni mita 72, bado hujaweka kipande cha kuingilia na cha kutokea kinachopungua upana, kama mita 20 kila upande. Pima kwenye mchoro. Mara nyingi utakuta kituo cha mita 30, cha daladala mbili. Ya tatu inasimama barabarani, konda ananing'inia mlangoni akiita abiria, na njia ya kushoto imekufa. Barabara ya njia nne iliyosanifiwa hivyo inafanya kazi kama ya njia mbili saa zote za haraka. Kumlaumu dereva hakusaidii, hana pa kuingia.

Sasa upana. Sheria ya Barabara ya 2007 iliweka hifadhi, yaani eneo lililotengwa kwa ajili ya barabara, ya barabara kuu na za mkoa kuwa mita 60, yaani 30 kila upande kutoka katikati, badala ya 22.5 za zamani. Watu wengi wanaona mita 60 ni pori. Zijumlishe. Njia nne za mita 3.5 ni 14. Kisiwa cha katikati 3. Mitaro miwili 3. Njia za miguu mbili za mita 2.5 ni 5. Za baiskeli 4. Ukanda wa mabomba na nyaya, mita 2 kila upande, 4. Vituo pande zote mbili 6. Barabara za pembeni za kuhudumia maduka na nyumba, 12. Umefika 51. Mkitaka njia mbili za mabasi yaendayo haraka, ongeza 7, na penye jukwaa la abiria kisiwa cha mita 3 kinakuwa cha 5. Ni 60 kamili. Popote hifadhi ilipo finyu kitu kitatolewa, na nimeona mara nyingi kinachotolewa kwanza: njia ya miguu, kisha baiskeli, kisha kituo. Huo ndio mjadala wa kweli wa mtaa. Mhandisi mshauri aulizwe mbele ya watu: hapa penye mita 40, umetoa nini?

Maji yana ukatili wake. Ukiongeza mita 14 za lami kwa urefu wa kilomita moja, umeongeza mita za mraba 14,000 zisizonyonya. Mvua ya masika ya milimita 50 kwa saa, asilimia 90 ikitiririka, inaleta mita za ujazo 630. Ni sawa na malori 63 ya maji ya lita elfu kumi, kila kilomita, ndani ya saa moja. Yanakwenda wapi? Mtaro mzuri kando ya barabara unaoishia kwenye kalvati la zamani, yaani bomba la kupitisha maji chini ya barabara, lenye kipenyo cha sentimita 60 utayamwaga kwenye nyumba za bondeni. Fuateni mtaro kwenye mchoro hadi mtoni au baharini. Mstari ukikatikia kwenye uwanja wa mtu, hapo ndipo patakapofurika.

Kuhusu waenda kwa miguu nitasema moja. Daraja la miguu linamtaka mtu apande kama mita sita, ashuke tena sita. Mteremko unaofaa kiti cha magurudumu, wa moja kwa kumi na mbili, unahitaji mita 72 kila upande. Mama mwenye mtoto mgongoni na ndoo kichwani atavuka chini, na ana haki ya kuvuka salama. Kivuko cha usawa wa barabara chenye taa, na kisiwa kisichopungua mita 2 ili asubiri katikati, ndicho kinachookoa watu wa aina yake. Njia nne za mita 14 mzee anazivuka kwa sekunde 17 au 18. Taa ikimpa 10, tumemwacha katikati ya magari.

Halafu alama za X zinazochorwa kwenye kuta za nyumba. Nyekundu maana yake umo ndani ya hifadhi ya zamani, unatakiwa kuondoka bila fidia. Kijani maana yake umeguswa na upanuzi wa hifadhi, na fidia ni haki yako. Kati ya mita 22.5 na 30 ndipo penye ugomvi mkubwa, kwa hiyo uliza kipimo kimeanzia wapi: katikati ya barabara iliyopo, au katikati ya barabara mpya iliyosogezwa? Tofauti ya mita tatu inabadili rangi ya ukuta wako. Tena si kila barabara ina 22.5. Wakazi wa Kimara hadi Kiluvya walijikuta 2017 kwenye hifadhi ya mita 121.5 kila upande.

Fidia si bei ya matofali tu. Kanuni za 2001 chini ya Sheria ya Ardhi zinataja thamani ya ardhi, maendelezo yasiyokwisha (nyumba, miti na vingine vilivyowekwa juu ya ardhi), posho ya usumbufu, kodi ya pango ya miezi 36, faida halisi ya biashara ya miezi 36, na usafiri wa tani 12 za mizigo hadi kilomita 20. Fundi cherehani mwenye fremu asiye na daftari la mauzo anaweza kupoteza kipengele cha faida chote, kwa hiyo daftari lianze leo. Piga picha kila chumba, kisima, mti na choo kabla mthamini hajafika, na uwepo siku anapopima. Baki na nakala ya fomu uliyosaini. Fidia ikichelewa zaidi ya miezi sita inadai riba, na uthamini una ukomo wa miaka miwili.

Mwisho kuna vilivyo chini ya ardhi. Bomba kuu la Ruvu Chini linaingia mjini kwa upande wa Bagamoyo, la Ruvu Juu kwa upande wa Morogoro. Kuhamisha bomba kubwa, nguzo za umeme na nyaya za mawasiliano hula miezi mkandarasi akiwa ameshachimba, na mtaa unakaa na vumbi, mashimo na mchepuko mwembamba unaopitisha gari moja. Kwenye mkutano ombeni ratiba ya kuhamisha miundombinu, yenye jina la taasisi na mwezi kwa kila kipande. Ikiwa bado haijaandaliwa, ombeni ukuta wa kwanza usivunjwe mpaka ipatikane.