Difu loki si fowili, wala si habu

"Mzee, hii mashine ina difu loki, usiione hivi." Ndivyo alivyoanza kijana mmoja aliyeniletea Land Cruiser pikapu aliyoinunua kwa ajili ya kupanda mawe. Tairi za inchi 35, springi zimenyanyuliwa, mkonga wa kuvutia hewa umepanda hadi juu ya paa, winchi mbele. Nikamwambia nionyeshe hiyo loki. Akaingia, akashika ule mkono mfupi ulio kando ya gia kubwa, akauvuta hadi L4, yaani gia ndogo ya fowili (tairi zote nne zikisukuma), akanitazama kama mtu aliyemaliza kazi.

Nilikunywa chai yangu kwanza. Mwezi huu huyo ni wa nne.

Maana yenyewe haina mlolongo. Difu loki ni kifaa kinachokaa ndani ya difu na kuzifunga pamoja shafti mbili za ekseli moja, ili tairi la kushoto na la kulia yazunguke kwa mwendo mmoja hata kama moja liko hewani. Ikiwa bado unaivuta kwa mkono wa gia ndogo, hujaifikia. Mengine yote ninayoandika hapa ni kwa sababu neno hili limebeba mizigo isiyo yake.

Tuanze na difu. Jina kamili la Kiingereza, differential, asili yake ni Kilatini, na ndani yake mna tofauti. Difu ni chombo cha kuruhusu tofauti. Gari linapokata kona, tairi la nje hutembea njia ndefu kuliko la ndani. Chukua gari ambalo upana kati ya tairi zake ni mita 1.5, lizungushe duara moja kamili: tairi la nje litakuwa limetembea zaidi ya la ndani kwa mita 9.4 hivi, duara liwe dogo au kubwa. Kama shafti ingekuwa chuma kimoja kutoka tairi hadi tairi, hizo mita 9.4 zingelipwa kwa mpira kusuguka au chuma kukatika. Mfaransa Onésiphore Pecqueur alipata hataza ya mtambo huu mwishoni mwa miaka ya 1820, kwa gari la mvuke, kabla ya magari ya petroli kuwapo. Waingereza gerejini wakalikata neno, wakabaki na silabi moja, nasi tukalipokea likiwa limeshakatwa na kuliwekea irabu mwishoni. Kilichoanguka njiani ni ile tofauti. Ukimuuliza dereva difu ni nini atakuambia ni lile donge la chuma chini ya gari. Kweli, ni donge. Lakini kazi yake imepotea kwenye jina.

Loki ndiyo mkorofi zaidi. Kwetu loki ni ndugu wa kufuli, kitasa na komeo: unaloki mlango, unaloki simu, unaloki ofisi. Kila unachokiloki kinatulia, hakiendi popote. Sasa mtu akisikia difu imelokiwa anafikiri kuna kitu kimezuiwa. Nimewahi kuulizwa na mtu mzima, tena dereva wa miaka mingi, kama ukifunga difu gari si litasimama. Si kosa lake. Neno tulilokopa lina picha ya mlango, na kinachotakiwa ni picha ya shamba. Kiswahili kina funga ya aina nyingine kabisa: funga kuni, funga mzigo, funga ng'ombe wa plau. Ng'ombe wawili wakishafungwa nira, mmoja hawezi kutangulia mwenzake; akienda huyu, na yule anaenda. Difu loki ni nira. Wazee waliotutafsiria vipuri wangeiita hivyo, mimi leo ningekuwa nafanya kazi nyingine.

Kisha kuna kosa ambalo halikuanzia gerejini, lilitoka kiwandani. Chuchumaa kwenye tairi la mbele la Land Cruiser ya zamani, au Hilux ya zamani, utaona katikati ya rimu kidude cha kuzungusha kwa vidole. Kimeandikwa FREE upande mmoja na LOCK upande wa pili. Hiyo ni habu. Ukiwa barabarani unaiacha FREE, tairi za mbele zinazunguka bila kuburuza shafti na propela ya mbele, ile shafti ndefu inayoleta nguvu kutoka giaboksi. Ukitaka fowili unashuka, unazungusha hadi LOCK, na tairi linashikana na shafti yake. Basi mtu ameona kwa macho yake neno LOCK limeandikwa kwenye gari lake, na amelizungusha kwa mkono wake mwenyewe. Utamwambiaje kuwa hana loki? Anayo. Ila inafunga tairi na shafti, haifungi tairi na tairi la upande wa pili. Nira hapo hakuna.

Wenye Land Rover nao wana lao. Defender, na 110 tangu ilipotoka mwaka 1983, inaendeshwa na tairi zote nne muda wote. Kwa hiyo kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma iliwekwa difu ya tatu, ndani ya giaboksi ndogo, ile inayogawa nguvu mbele na nyuma. Ukisukuma ule mkono pembeni, difu ya kati inajifunga na taa inawaka kwenye dashibodi. Hii ni difu loki ya kweli, siwezi kumnyima mtu haki yake. Lakini ni loki ya kati. Inaifunga mbele na nyuma, haigusi kushoto na kulia. Land Cruiser 80 yenye fowili ya kudumu ni hivyo hivyo, na hiyo ukiingiza gia ndogo loki ya kati hujifunga yenyewe. Wenye Land Rover za kale kabisa, zile zenye kitufe cha njano na mkono mwekundu, hawana difu ya kati, kwa hiyo hawana cha kufunga. Na hao ndio wanaobisha kuliko wote.

Pikapu ya yule kijana nayo haina difu ya kati. Ukiingiza H4, yaani fowili ya gia za kawaida, propela ya mbele na ya nyuma zinashikana moja kwa moja, habari imeisha. L4 inaongeza jambo moja tu: gia inakuwa nzito, mwendo unapungua, nguvu inaongezeka. Kwenye Land Rover yenye giaboksi ndogo ya LT230, ile gia ndogo ni 3.32 kwa 1. Jeep Wrangler Rubicon, ambayo Wamarekani waliipa jina la njia ya mawe ya California, ina 4 kwa 1. Ile ya gia za mkono iliyoanza na modeli ya 2018 ukizidisha gia ya kwanza, gia ndogo na difu unapata 84.2. Yaani injini inazunguka mara 84 tairi lizunguke mara moja. Kwa mwendo huo unatambaa juu ya jiwe kama kinyonga. Lakini wale Wamarekani hawakuishia kwenye gia. Rubicon hiyo hiyo inatoka kiwandani na loki kwenye ekseli ya nyuma na ya mbele, kwa vitufe vyake peke yake. Kama gia ndogo ingekuwa ndiyo loki, wangejisumbua nini?

Nilimpeleka kijana kwenye uwanja wa gereji, nikamwambia apandishe tairi la mbele kushoto juu ya jiwe, na la nyuma kulia juu ya gogo, mpaka gari likae msalaba. Tairi mbili za upande mwingine wa msalaba zikaning'inia. L4, gia ya kwanza, habu LOCK zote mbili. Akaachia klachi. Tairi mbili zilizo hewani zikazunguka kama feni, zile mbili zilizokanyaga hazikutikisika. Gari la tairi nne, na linashindwa na gogo.

Hapa ndipo linapokuja lile neno ambalo kila fundi analo: "difu inapeleka nguvu zote kwenye tairi linaloteleza." Linasikika vizuri, na si kweli. Difu ya kawaida inagawa msukumo sawa kwa sawa, siku zote. Taabu yake ni huo usawa. Fikiria watu wawili wamebeba gogo mabegani, mmoja mbele mmoja nyuma. Yule wa nyuma akiinama chini ya gogo, yule wa mbele ana nguvu za kutosha, lakini za kumsaidia nini? Gogo halinyanyuki. Tairi lililo hewani halihitaji nguvu kuzunguka, linachukua kidogo sana. Na lile lililokanyaga jiwe linapewa kidogo hicho hicho, maana mgao ni sawa. Ukifunga difu unavunja usawa huo. Sasa lile lenye kushika linaweza kubeba karibu mzigo wote peke yake.

Na karibu mzigo wote kwenye shafti moja ni mzigo kweli. Ndiyo maana anayeniambia nimfungie loki namuuliza kwanza shafti zake zina hali gani. Mimi mwenyewe nilijifunza kwa gharama, kwenye korongo moja upande wa Monduli. Nilikuwa nimewasha loki ya mbele, stelingi nimeikata mpaka mwisho, tairi kubwa, na jiwe limenikazia. Nikaongeza mafuta. Nikasikia "taa!", kama bunduki ya panya. Jointi ya mbele, ile ya gololi sita inayoliacha tairi likate kona huku likisukumwa, ilikuwa imepasuka kengele yake, yaani ganda lake la nje. Loki ya mbele ni ya kwenda mbele, stelingi ikiwa imenyooka au imekaribia kunyooka. Stelingi ikikatwa sana, jointi iko kwenye pembe yake dhaifu kabisa, na hapo ndipo unapoiongezea mzigo wa tairi mbili. Siku ile nilirudi kwa fowili ya mguu mmoja, nimetoa shafti iliyovunjika nimeifunga nyuma kwa kamba.

Kwa hiyo anayejenga gari la mawe, loki ya nyuma kwanza. Ya mbele baadaye, na shafti na jointi ngumu zaidi zije nayo. Ziko za hewa, kama zile za ARB ya Australia: kompresa ndogo kwenye boneti, kimpira chembamba kinashuka hadi ekseli. Hicho kimpira kikipita karibu na egzosi kitayeyuka siku usiyoitaka. Ukisikia kompresa inawaka na kuzima yenyewe mara kwa mara wakati loki imewashwa, hewa inavuja mahali. Ukiona oili ya difu imepanda kimpira na kutapika kwenye vali, sili ya ndani imechoka. Za umeme za Toyota zina mota iliyofungwa nje ya ekseli, inayokula tope na maji ya mito. Adui yake ni kutotumika. Mtu anakaa miaka mitatu hajagusa kitufe, siku ya kunasa anabonyeza, taa inapepesa tu haitulii, mota imeshika kutu. Iwashe mara moja kwa mwezi kwenye vumbi, nenda mita chache, izime.

Na oili. Ukivuka maji ya kina, fungua nati ya difu uangalie. Oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Difu iliyopata moto ikizamishwa ghafla kwenye mto baridi inavuta pumzi, na kama kipumulio chake kiko pale pale juu ya ekseli, inavuta maji. Kiunganishe na mpira ukipandishe hadi kwenye boneti. Ni kazi ya nusu saa.

Kuna wanaochomelea gia za ndani za difu kwa welding na kuita hiyo difu loki ya bei rahisi. Imefungwa, sibishi, lakini haifunguki, na lami inataka tofauti. Inakula tairi, inavunja shafti, na mvua ikinyesha, nyuma ya gari inaamua yenyewe iende wapi. Wanaoshindana na kurudi nyumbani gari likiwa juu ya trela wana sababu zao. Kwenye Rhino Charge kule Kenya, inayofanyika tangu 1989, anayeshinda ni aliyefika vituo vyote kwa kilomita chache zaidi. Njia fupi ni ile inayopita kwenye korongo lenyewe, na gari lisilo na loki halitoki humo. Wewe lakini unarudi nalo mjini, na mama watoto amekaa kando yako.

Ukitaka kujua kama gari unalouziwa lina loki kwenye ekseli, usiulize, utajibiwa ndiyo. Kwenye Land Cruiser za 70 zilizotoka nayo kiwandani kuna swichi ya kuzungusha kwenye dashibodi, imeandikwa RR (nyuma), halafu FR RR (mbele na nyuma). Isipokuwepo, lala chini uangalie ekseli: kuna mota iliyofungwa kwenye difu, au kuna kimpira cha hewa kinachoingia? Au fanya mchezo wa gogo.

Kijana aliondoka ameinamisha kichwa kidogo, nikaona nimemwonea. Jumapili akanitumia picha. Yuko kwenye mchanga wa mtoni, amechuchumaa kando ya tairi la mbele, kidole kiko kwenye neno LOCK, chini ameandika: "Mzee, leo nimeweka difu loki yenyewe."

Nikamjibu: "Hiyo ni habu, mwanangu. Zungusha na ya upande wa pili."