Kinyonga wa pembe tatu hahitaji taa usiku

"Huyo mnyama wa Afrika, mpe joto." Ndivyo nilivyoambiwa nilipomnunua kinyonga wangu hapa Marekani, nami nikawasha taa ya joto usiku na mchana. Baada ya wiki chache macho yakabonyea, akawa anayafumba mchana kweupe. Kinyonga akifanya hivyo, ujue anaumwa. Asubuhi moja nikamkuta sakafuni mwa kizimba.

Kosa ni kudhani Afrika yote ni Mombasa. Kinyonga huyu, Trioceros jacksonii kwa jina la kitaalamu, kwao ni nyanda za juu za Kenya na kaskazini mwa Tanzania, penye ukungu na usiku wa baridi. Muulize mtu wa Nyeri kama hulala bila blanketi! Hata waliopelekwa Hawaii mwaka 1972 walistawi kwenye miteremko ya milima yenye mvua. Mchana, chini ya taa, nyuzi 27 zinamtosha. Usiku taa zote huzimwa, na nyuzi zikishuka hadi 15 hana neno, ndipo anapopumzika.

Bakuli la maji nalo hulipita tu. Yeye hulamba matone yanayong'aa kwenye majani, kwa hiyo ni kunyunyiza.

Sasa nina kizimba cha wavu badala ya kile cha kioo, kina mimea, bado hakina mwenyewe. Kila alfajiri nasoma kipimajoto. Leo kilikuwa 16.