Me au Ke: dhana potofu kuhusu jinsi kwenye kitambulisho cha kidijitali

Wakati wa vuli iliyopita nilikaa karibu saa nzima kwenye benchi la wakala wa laini za simu, jirani na soko la dagaa la Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, tukisubiri mtandao urudi. Mbele yangu alikuwapo kijana mvuvi aliyekuja kurudisha laini yake, iliyozama ziwani pamoja na simu. Namba yake ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, aliitaja kwa kichwa, tarakimu zote 20, kisha akaweka kidole kwenye kifaa. Mara tatu kifaa kilikataa, mara ya nne kikakubali, maana vidole vinavyovuta nyavu kila usiku huchakaa alama zake. Wakala akakisoma kitambulisho, akamtazama kijana, akakisoma tena. "Kaka, mbona hapa umeandikwa Ke?" Benchi zima likaangua kicheko. Kijana naye alicheka, kicheko cha mtu aliyekwisha kuzoea, akasema kilichomponza ni jina: anaitwa Doto.

Aliyekulia Usukumani hahitaji maelezo. Kulwa ni pacha anayetangulia kuzaliwa na Doto ni anayefuata, awe wa kiume au wa kike, na Kiswahili chenyewe hakimsaidii karani, kwa kuwa "yeye" ni neno moja kwa watu wote. Fomu inayosema kwamba mwombaji ni mvuvi aliyezaliwa Ukerewe haimfichulii msomaji jinsi ya mwombaji huyo mpaka mtu atie alama kwenye kisanduku, na anayetia alama akiwa na foleni ndefu dirishani anaweza kukisia. Mazungumzo yaliyofuata pale benchini yalikuwa marefu kuliko kukatika kwa mtandao, na mengi yaliyosemwa, ingawa yalisemwa kwa uhakika mkubwa, hayakuwa sahihi.

"Jinsi na jinsia ni maneno mawili ya kitu kimoja"

Katika mazungumzo ya kila siku hakuna anayegombania jambo hili, na fomu nyingi zenyewe zinachanganya: hii imeandika "Jinsi", ile "Jinsia", na zote zina visanduku vilevile. Katika uandishi rasmi wa Tanzania, hata hivyo, maneno haya yametenganishwa. Jinsi ni hali ya kimaumbile ya mtu kuwa mwanamume au mwanamke, ilhali jinsia ni majukumu, mahusiano na matarajio ambayo jamii huwapangia watu kwa misingi hiyo. Ndiyo maana wizara inayohusika na maendeleo ya jamii imebeba neno jinsia katika jina lake. Kwenye kanzidata tofauti hiyo ina uzito, kwa sababu kisanduku kimoja hakiwezi kujibu maswali mawili kwa wakati mmoja. Nchini Uingereza, mapitio yaliyoongozwa na Profesa Alice Sullivan wa University College London, yaliyochapishwa Machi 2025, yalionyesha kwamba taasisi za umma zimekuwa zikiliuliza swali hili kwa maneno yanayotofautiana, na hivyo kuzivuruga takwimu zenyewe. Mapitio hayo yalipendekeza kwamba jinsi iulizwe waziwazi kwa jina lake, na namna mtu anavyojitambua iwe swali la pekee pale inapohitajika. Mapendekezo hayo yana wapinzani, hasa miongoni mwa wanaohofia faragha ya watu waliobadili jinsia, lakini pande zote mbili angalau zinajua kwamba zinazungumzia vitu viwili.

"Ikiandikwa kwenye rejista, kila mtu ataiona"

Hapa ndipo mjadala mzima unapokwama, Mwanza na kwingineko. Watu huvichanganya vitendo vitatu: kuisajili taarifa, kuichapisha kwenye kadi, na kumpa anayeiuliza. Mtu anayekataa kitendo cha tatu hujikuta anapinga cha kwanza, na anayetetea cha kwanza hudhani amehalalisha cha tatu.

Mifano ya nchi huonyesha kwamba vitendo hivyo vinaweza kutenganishwa. Kitambulisho cha taifa cha Ujerumani hakina sehemu ya jinsi, ingawa rejista za serikali ya nchi hiyo zinayo. Ng'ambo yetu ya ziwa, nchini Uganda, mambo ni kinyume kabisa: namba ya utambulisho ya raia huanza na herufi CM kwa mwanamume na CF kwa mwanamke, kwa hiyo yeyote anayetajiwa namba hiyo ameshajua. Afrika Kusini wamelificha jambo hilohilo ndani ya tarakimu, kwa sababu katika namba yao ya tarakimu 13, kundi la tarakimu nne linalofuata tarehe ya kuzaliwa huwa chini ya 5000 kwa wanawake, na 5000 au zaidi kwa wanaume. Nchini Estonia, ambako kitambulisho cha kidijitali kimetumika kwa zaidi ya miaka 20, tarakimu ya kwanza ya namba ya mtu hutaja jinsi yake pamoja na karne aliyozaliwa. India walichagua njia nyingine: namba ya Aadhaar ina tarakimu 12 zilizotolewa kwa bahati nasibu, zisizomfichulia mtu jambo lolote, ingawa kanzidata iliyo nyuma yake inahifadhi jinsi, na ina nafasi ya Me, Ke na waliobadili jinsia. Namba yetu ya NIDA nayo inatangaza jambo moja bila kuulizwa, kwani tarakimu zake nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa.

Kitambulisho cha kidijitali, kikiundwa vizuri, kinaweza kuwa na siri zaidi kuliko kadi ya plastiki. Ukimkabidhi mlinzi wa ukumbi wa starehe kadi yako ili athibitishe kwamba umetimiza miaka 18, anasoma jina, tarehe ya kuzaliwa na jinsi, na akitaka anapiga picha. Kiwango cha kimataifa cha leseni ya udereva ya kwenye simu, kilichotolewa mwaka 2021, kinamruhusu mwenye leseni kutoa jibu moja tu, yaani ametimiza umri au hajatimiza, na taarifa nyingine zikabaki zimefungwa. Umoja wa Ulaya, katika pochi ya kidijitali, yaani programu ya simu ya kuhifadhia vitambulisho, ambayo nchi wanachama zinatakiwa kuwapatia raia wao, umeiweka jinsi kuwa taarifa ya hiari, tofauti na jina na tarehe ya kuzaliwa ambazo ni za lazima. Kwangu mimi swali la maana kwa serikali yoyote ni nani ataijua taarifa hiyo, kwa sababu gani, na je, mwenyewe ataarifiwa. Sheria yetu ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imelitaja jambo hilo kwa lugha yake: taarifa ikusanywe kwa lengo linalojulikana, na isizidi lengo hilo.

"Me au Ke si siri, kila mtu ananiona"

Alisema hivyo mama muuza dagaa, na kwa macho yuko sahihi. Lakini kanzidata haina macho, na taarifa ndogo hupata nguvu inapokutana na nyingine. Mtafiti wa Marekani, Latanya Sweeney, alionyesha mwaka 2000 kwamba kwa kutumia vitu vitatu tu, yaani tarehe kamili ya kuzaliwa, jinsi na namba ya eneo la posta, takriban asilimia 87 ya watu wa nchi hiyo wangeweza kutambulika mmoja mmoja, hata majina yao yakifutwa. Orodha ya wagonjwa isiyo na majina, ikiwa na vitu hivyo vitatu, si orodha ya watu wasiojulikana. Na sisi tarehe ya kuzaliwa tunaitaja kila tunapotaja namba ya NIDA, kwa sauti, mbele ya benchi zima.

"Siku hizi mashine inatambua yenyewe"

Haitambui kwa kiwango ambacho mtu angependa haki yake itegemee. Utafiti wa Joy Buolamwini na Timnit Gebru wa mwaka 2018 ulipima programu za kibiashara zinazokisia kwa picha ya uso kama mtu ni mwanamume au mwanamke. Kwa wanaume weupe kosa halikuzidi asilimia 0.8, ilhali kwa wanawake wenye ngozi nyeusi lilifika asilimia 34.7 katika programu iliyofanya vibaya zaidi. Fikiria kifaa cha namna hiyo kikifungwa kwenye foleni ya stendi ya mabasi ya Nyegezi. Alama za vidole nazo kazi yake ni kulinganisha kidole na kidole kilichokwisha kusajiliwa, wala mfumo hausomi jinsi ya mtu kwenye mistari ya kidole chake.

"Sensa imeshatuhesabu, inatosha"

Sensa ya 2022 ilihesabu watu 61,741,120 nchini, wanawake wakiwa 31,687,990 na wanaume 30,053,130, lakini sensa haimpi mtu kitambulisho, wala haisemi ni nani amekikosa mwaka huu. Benki ya Dunia imewahi kukadiria kwamba watu wapatao milioni 850 duniani hawakuwa na kitambulisho rasmi, na kwamba katika nchi maskini wanawake wanakikosa zaidi ya wanaume. Pengo hilo lisingeonekana kama waandikishaji wasingeandika jinsi.

"Visanduku viwili vinamtosha kila mtu"

Vinawatosha walio wengi sana, si wote. Kenya, katika sensa yake ya 2019, ilikuwa nchi ya kwanza Afrika kuwahesabu watu huntha, yaani waliozaliwa na maumbile yasiyo ya kike wala ya kiume moja kwa moja, wakapatikana 1,524, na Sheria ya Watoto ya nchi hiyo ya mwaka 2022 ikamtambua mtoto huntha kwa jina. Hili ni suala la maumbile ya kuzaliwa, jambo ambalo wakunga wa vijijini wamelijua siku zote bila kulisema. Mkunga anayelazimika kuchagua kisanduku usiku uleule anaandika dhana, na dhana hiyo itamfuata mtoto hadi benki.

"Anayekipinga ana lake la kuficha"

Historia ya karibuni haikubaliani na kauli hiyo. Serikali ya Uingereza ilipotangaza Septemba 2025 mpango wa kitambulisho cha kidijitali, ombi la kuupinga lilikusanya saini zaidi ya milioni mbili, za watu wa mielekeo yote ya kisiasa. La kuzingatia ni kwamba orodha ya awali ya taarifa zilizotajwa, yaani jina, tarehe ya kuzaliwa, uraia au hali ya ukaazi na picha, haikuwa na jinsi. Miezi michache kabla, wakati wa kujadili sheria ya matumizi ya data, Baraza la Malodi, baraza la juu la bunge la nchi hiyo, lilitaka mifumo ya utambuzi ihakikishe kwamba taarifa ya jinsi inayothibitishwa ni ya kuzaliwa, kwa hoja kwamba pasipoti na cheti cha kuzaliwa vinaweza kutofautiana. Serikali ikakataa, na sheria ikapita Juni 2025 bila sharti hilo. Kenya nako Mahakama Kuu ilizuia, Januari 2020, ukusanyaji wa vinasaba na mahali mtu anapoishi kwa satelaiti katika usajili wa Huduma Namba, namba ya utambulisho ya nchi hiyo, bila kuufuta usajili wenyewe. Waliokwenda mahakamani walifanya hivyo hadharani, kwa majina yao.

Hapa kwetu upinzani haukuwa wa mahakamani. Wengi tunaikumbuka foleni ya usajili wa laini kwa alama za vidole, ambao mwisho wake ulisogezwa kutoka 31 Desemba 2019 hadi 20 Januari 2020. Malalamiko niliyoyasikia mimi yalihusu kuchelewa kwa namba na umbali wa ofisi, na jinsi haikutajwa kabisa.

"Kosa la herufi moja halina madhara"

Doto mwenyewe ndiye aliyesema hivi, na nilitamani kumkubalia. Kwa laini ya simu inawezekana. Lakini Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023, na mfumo wowote wa bima utakaochota taarifa kwenye kitambulisho utachota na herufi hiyo. Shirika la Afya Duniani huhesabu kwamba mwanamume mzima ana upungufu wa damu pale himoglobini, protini ya damu inayobeba oksijeni, ikiwa chini ya gramu 130 kwa lita, na mwanamke asiye mjamzito chini ya gramu 120. Mvuvi mwenye 125 atatoka maabara na karatasi inayosema yuko salama, kwa sababu tu kompyuta imemsoma kuwa ni Ke. Kinyume chake, mama aliyeandikwa Me atajikuta anaieleza mimba yake dirishani, mbele ya foleni.

Nilimuuliza kwa nini hajairekebisha. Alinieleza kwa utulivu kwamba alizaliwa nyumbani kisiwani, kabla ya mpango wa kuwasajili bure watoto wa chini ya miaka mitano kufika mkoa wetu, kwa hiyo hana cheti cha kuzaliwa. Ili akipate inabidi arudi kisiwani kwa mtendaji, aende Nansio, makao makuu ya wilaya, kisha avuke tena kuja mjini na kiapo mkononi, siku tatu au nne zote. Mtandao ulirudi, laini ikawaka, akamlipa wakala na kuinuka. Kuhusu ile herufi alisema ataishughulikia mbalamwezi itakapotoka, kwa sababu usiku wa giza ni usiku wa dagaa, na wenzake walikuwa wameshaanza kujaza mafuta.